Chaja moja kwa pikipiki nyingi za umeme: Lini inafaa na lini ni hatari

Na Mwandishi Wetu

PIKIPIKI, baiskeli na bajaji zinazotumia umeme si kitu kigeni tena katika mitaa ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Huonekana zikipeleka chakula maofisini, zikibeba abiria na zikisafirisha mizigo midogo kati ya Kariakoo, Ilala na Upanga. Dar es Salaam pia ilikuwa miongoni mwa miji ya majaribio ya mradi wa SOLUTIONSplus, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2020, ambao ulihusisha bajaji za umeme za kuwaunganisha abiria na mabasi yaendayo haraka.

Pamoja na vyombo hivyo umekuja utaratibu wa kutumia chaja moja kwa vyombo viwili, vitatu au zaidi. Sababu zake zinaeleweka. Chaja ikiharibika, ile ya kiwandani haipatikani kwa urahisi. Nyumba nyingi za kupanga zina LUKU moja na soketi chache. Aidha, dereva anayeanza biashara huona hakuna haja ya kununua chaja ya pili iwapo jirani yake anayo.

Je, utaratibu huo unafaa? Jibu ni kwamba unafaa, lakini kwa masharti. Betri na chaja zikilingana, chaja moja inaweza kuhudumia vyombo vingi kwa zamu bila madhara. Zisipolingana, hasara ndogo ni betri kufa mapema, na hasara kubwa ni moto.

Katika eneo kama Kariakoo, ambako maduka, stoo na makazi hubanana katika jengo moja, suala la moto halina mzaha. Jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mitaji yao. Moto huo hautajwi hapa kwa maana kwamba ulisababishwa na betri, bali kukumbusha jinsi hasara inavyokuwa kubwa moto unapozuka mahali pa msongamano wa watu na bidhaa.

Namba ya ‘48V’ haitoshi

Kosa la kwanza hutokana na namba iliyoandikwa kwenye betri. Mtu akiona betri imeandikwa volti 48 na chaja imeandikwa volti 48, huamini kuwa vimeumbwa pamoja. Ukweli ni kwamba namba hiyo ni jina tu la kundi la betri. Namba yenye maana ni volti ambazo chaja hufikia betri inapojaa, na namba hiyo hutegemea aina ya betri na idadi ya seli zilizounganishwa mfululizo.

Zipo aina tatu za betri zinazoonekana zaidi katika vyombo hivi. Ya kwanza ni betri za risasi na asidi zilizofungwa, ambazo mafundi wengi huziita betri kavu. Ya pili ni lithiamu ya kawaida yenye nikeli, ambayo kila seli hujaa kwa volti 4.2. Ya tatu ni lithiamu chuma fosfeti, ambayo kila seli hujaa kwa volti 3.65.

Kwa betri za volti 48, hesabu inakuwa hivi. Lithiamu ya kawaida yenye seli 13 hujaa kwa volti 54.6. Lithiamu chuma fosfeti yenye seli 16 hujaa kwa volti 58.4. Betri nne kavu za volti 12 kila moja huhitaji takribani volti 58 hadi 59 wakati wa kuchajiwa, kisha chaja hushuka hadi takribani volti 55 na kubaki hapo.

Hali ni hiyo hiyo kwa vyombo vikubwa zaidi. Betri ya lithiamu ya volti 72 yenye seli 20 hujaa kwa volti 84.0, lakini ile ya chuma fosfeti yenye seli 24 hujaa kwa volti 87.6. Kwa betri za volti 60, zipo za lithiamu ya kawaida zenye seli 16 zinazojaa kwa volti 67.2 na zenye seli 17 zinazojaa kwa volti 71.4, wakati ya chuma fosfeti yenye seli 20 hujaa kwa volti 73.0.

Tofauti hizo zinaweza kuonekana ndogo machoni, lakini kwa betri za lithiamu si ndogo hata kidogo.

Mfano wa kijiwe chenye pikipiki tatu

Tuchukue mfano wa kijiwe chenye pikipiki tatu, zote zikiwa zimeandikwa volti 48. Ya kwanza ina lithiamu ya kawaida ya seli 13, ya pili ina betri nne kavu, na ya tatu ina lithiamu chuma fosfeti ya seli 16. Kijiwe kina chaja moja iliyokuja na pikipiki yenye betri kavu, inayofika volti 58.8.

Chaja hiyo ikiunganishwa kwenye pikipiki ya kwanza, volti 58.8 zinagawanywa kwa seli 13. Kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.52, badala ya 4.2 iliyo kikomo chake. Seli ya lithiamu ikizidishiwa kiasi hicho, hujeruhiwa ndani, huzalisha gesi na joto, na inaweza kufikia hatua ya kujichoma yenyewe bila kuhitaji cheche kutoka nje.

Sasa tugeuze mfano. Kijiwe kina chaja ya lithiamu ya volti 54.6, nayo inaunganishwa kwenye betri nne kavu. Kila betri inapata volti 13.65 tu, kiwango cha kuitunza betri iliyokwisha kujaa, si cha kuijaza iliyotumika. Hapa hakuna hatari ya moto, lakini betri haijai ipasavyo. Ikiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, chumvi ya salfeti hugandamana kwenye sahani zake za risasi na uwezo wake hupungua. Dereva hulalamika kuwa betri ni mbovu, kumbe chaja ndiyo iliyoidhoofisha.

Chaja hiyo hiyo ya volti 54.6 ikiunganishwa kwenye chuma fosfeti ya seli 16, kila seli inapata takribani volti 3.41. Betri huchaji na pikipiki hutembea, ila haifiki mwisho wake, na mfumo wa ndani unaosawazisha seli huenda usipate nafasi ya kufanya kazi yake. Taratibu seli hutofautiana, na umbali ambao pikipiki inatembea kwa chaji moja hupungua.

Hivyo basi, katika kijiwe chenye pikipiki tatu za ‘volti 48’, hakuna chaja moja ya kawaida inayozifaa zote.

Taa ya kijani inavyodanganya

Wapo wanaosema wamekuwa wakichanganya chaja kwa miezi kadhaa na hakuna kilichotokea, tena taa ya kijani huwaka kama kawaida. Hoja hiyo inahitaji kujibiwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayowapa watu ujasiri.

Taa ya kijani haina uwezo wa kujua kuwa betri imejaa. Hutambua tu kuwa mkondo wa umeme unaotoka kwenye chaja umepungua. Mkondo hupungua betri inapojaa, lakini pia hupungua chaja inapokuwa na volti chache kuliko zinazohitajika. Vilevile hukatika kabisa pale mfumo wa ulinzi ulio ndani ya betri ya lithiamu, unaofahamika kwa mafundi kama BMS, unapoona hatari na kuifunga njia.

Kwa maneno mengine, taa huwaka kijani betri inapojaa vizuri, isipojaa, na hata inapokuwa imeponea chupuchupu kuzidishiwa.

Mfumo huo wa BMS umewekwa uwe kinga ya mwisho, mfano wa fyuzi ndani ya nyumba. Haukukusudiwa kusimamisha chaja isiyofaa kila usiku. Vipo visa ambapo sehemu zake zinazokata umeme huungua zikiwa zimeachia njia wazi, na zipo betri zilizoundwa au kukarabatiwa mitaani ambazo mfumo huo ni hafifu au haupo kabisa. Siku kinga hiyo ikishindwa, hakuna kingine kinachosimama kati ya chaja na moto.

Masharti ya kuzingatia

Kabla ya kutumia chaja moja kwa chombo zaidi ya kimoja, mambo manne yanapaswa kuhakikishwa, na yote yatimie kwa pamoja.

La kwanza ni aina ya betri na volti za kujaa. Msomaji aangalie lebo ya chaja sehemu iliyoandikwa OUTPUT, ambayo ndiyo inayoonyesha umeme unaotoka. Ikiwa imeandikwa volti 54.6, basi ni ya betri za lithiamu za seli 13 na si nyingine. Lebo ya betri nayo isomwe. Ikiwa imefutika, fundi mwenye mita ya umeme na uelewa wa betri ndiye wa kuamua. Ikumbukwe kuwa baadhi ya chaja za kisasa haziruhusu umeme kutoka mpaka zitambue betri, hivyo mita inaweza kuonyesha sifuri ilhali chaja ni nzima.

La pili ni mkondo, yaani ampia. Chaja ya ampia 2 kwenye betri kubwa haina madhara, ila itachukua muda mrefu. Chaja ya ampia 10 kwenye betri ndogo ya baiskeli inaweza kuipasha moto kupita kiasi. Kikomo cha mkondo huandikwa kwenye betri au katika kijitabu chake. Pale ambapo vyombo vinatofautiana, chaja ichaguliwe kwa kufuata betri yenye kikomo kidogo.

La tatu ni plagi na mpangilio wa chanya na hasi. Plagi mbili zinaweza kufanana kwa umbo huku waya wa chanya ukiwa upande tofauti. Viwanda havina mpangilio mmoja katika jambo hili. Kuunganisha kinyume kunaweza kuunguza chaja, BMS au vyote viwili mara moja.

La nne ni mawasiliano kati ya chaja na betri. Baadhi ya watengenezaji huweka waya wa ziada ambao betri huutumia kuieleza chaja hali yake. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani, kwa mfano, ina mifumo miwili ya baiskeli za umeme, na chaja ya mfumo mpya haitumiki kwa betri za mfumo wa zamani, ingawa jina la kampuni ni moja. Kukata waya huo ili chaja ‘ikubali’ ni kuondoa ulinzi uliowekwa kwa makusudi.

Hapa inafaa kusema wazi kuwa plagi zinapotofautiana si lazima iwe usumbufu. Mara nyingi ndiyo onyo la kwanza kwamba chaja si ya betri ile. Waya za kuunganishia zinazoifanya chaja moja iingie kila mahali huondoa onyo hilo.

Hatari ya waya wa kompyuta

Lipo jambo jingine ambalo halijulikani na wengi. Chaja nyingi za pikipiki na baiskeli zenye betri kavu hutumia plagi ya matundu matatu inayofanana kabisa na ile ya waya wa kompyuta. Mtoto, au mtu mzima mwenye haraka, anaweza kuchukua waya wa kompyuta uliochomekwa ukutani na kuuingiza moja kwa moja kwenye tundu la pikipiki.

Kwa kufanya hivyo, umeme wa TANESCO wa volti 230 unaingia kwenye betri bila kupitia chaja. Matokeo yanaweza kuwa mlipuko au moto papo hapo. Tundu hilo lifunikwe wakati wote, na waya za aina hiyo zisiachwe karibu na mahali pa kuchajia.

Aidha, chaja nyingi zinazoingia nchini huja na plagi ya miguu miwili, ilhali soketi zetu ni za matundu matatu bapa. Desturi ya kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi iingie si salama. Plagi hiyo hukaa kwa kulegea, hupata joto na kuyeyusha soketi, na kwa chaja yenye kasha la chuma, njia ya kupeleka umeme ardhini inakosekana. Adapta nzuri yenye fyuzi, au plagi sahihi iliyofungwa na fundi, ndiyo suluhisho.

Zamu, si kwa pamoja

Baada ya masharti kutimia, linabaki swali la namna ya kugawana. Kanuni ni kuchaji chombo kimoja baada ya kingine. Kuigawa chaja kwa waya wenye midomo miwili ili betri mbili zichaji kwa pamoja ni kosa. Betri moja ikiwa imejaa na nyingine imeisha, ile iliyojaa itamwaga umeme kwa nguvu ndani ya nyenzake, na mkondo huo hautasimamiwa na chaja kwa kuwa haukutoka kwake.

Zamu nayo ina hesabu yake. Betri ya volti 72 na ampia-saa 20, ikichajiwa kwa ampia 5, huhitaji takribani saa nne hadi tano kujaa kutoka mwisho. Pikipiki tatu zitahitaji kati ya saa 12 na 15. Usiku mmoja unatosha pikipiki mbili, na ya tatu itachelewa kuingia barabarani. Kwa dereva anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku, saa hizo ni fedha. Hivyo chaja moja kwa pikipiki mbili ina manufaa, lakini kwa nne inaweza kugharimu zaidi ya bei ya chaja ya pili.

Gharama ya umeme pia hugombanisha watu wanaoshirikiana LUKU. Betri hiyo huhifadhi uniti 1.44, na kwa kuwa chaja hupoteza sehemu ya umeme kama joto, takribani uniti 1.7 hutoka ukutani. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, iliyoidhinishwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, hiyo ni kama shilingi 500 kwa chaji moja kamili. Mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi humaliza ubishi kuhusu nani ametumia kiasi gani.

Mahali pa kuchajia

Pikipiki inayotoka barabarani juani iachwe ipoe kwa muda wa nusu saa kabla ya kuchajiwa. Betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa zimezidi nyuzi joto 45, na ndani ya kibanda cha bati mchana wa Januari kiwango hicho si kigumu kufikiwa. Wakati wa masika, tundu la kuchajia likaguliwe kama halina maji.

Chombo kisichajiwe kwenye ngazi, korido au mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Moto wa usiku wa Februari 23, 2024 katika jengo la makazi mjini Nanjing, China, ulioanzia ghorofa ya chini mahali palipohifadhiwa baiskeli za umeme, uliua watu 15 na kujeruhi wengine 44. Mjini New York, Idara ya Zimamoto ilirekodi moto 268 na vifo 18 vilivyotokana na betri za lithiamu katika mwaka 2023 pekee.

Betri iliyovimba, inayotoa harufu au inayopata joto isivyo kawaida isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza, kwani moshi wake ni sumu, kisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114. Moto wa lithiamu unaweza kuwaka upya hata baada ya kuonekana umezimika.

Wenzetu wanafanyaje

Nchi mbalimbali zimelikabili tatizo hili kwa njia tofauti. China imetoa viwango vya lazima vinavyoitaka chaja na betri ya baiskeli ya umeme zitambuane kabla ya umeme kupita. New York ilipitisha sheria ya mwaka 2023 inayozuia kuuzwa kwa baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa kwa viwango vinavyotambulika vya usalama.

Umoja wa Ulaya ulilazimisha chaja ya aina moja kwa simu na vifaa vidogo kuanzia Desemba 28, 2024, lakini baiskeli za umeme hazimo katika sheria hiyo. Kampuni za Honda, Yamaha, KTM na Piaggio ziliunda muungano mwaka 2021 kwa ajili ya betri za pikipiki zinazoweza kubadilishana.

Kwa majirani zetu, Ampersand ilianza mjini Kigali mwaka 2019 utaratibu wa dereva kubadilisha betri kituoni badala ya kuichaji mwenyewe, na vituo vya namna hiyo vimeenea pia Nairobi. Utaratibu huo humwondolea dereva mzigo wa chaja. Hata hivyo, mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, hivyo tatizo la kutolingana limehama kutoka kwa dereva kwenda kwa kampuni.

Kwa mnunuzi wa Kariakoo

Mnunuzi wa chaja aende dukani na betri yake, au angalau picha ya lebo yake. Aulize volti za kujaa, si jina la ‘48’ au ‘60’ pekee. Aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na adai risiti ya EFD, ambayo ndiyo ushahidi wake iwapo chaja itakuwa na kasoro.

Kwa wenye vijiwe, nyumba na maduka yenye vyombo vingi, njia rahisi ni kuandika kwa wino usiofutika, juu ya kila chaja na kila betri, aina ya betri na volti zake za kujaa. Palipoandikwa 54.6 kiunganishwe chenye 54.6 tu. Iwapo kuna shaka, chombo kisichajiwe usiku huo hadi fundi aitazame betri. Kulala bila chaji ni hasara ya siku moja, na ni nafuu kuliko kuhatarisha mtaji na maisha ya wote wanaolala katika jengo hilo.